Ugali haupiti, na kila ndugu ana hospitali yake

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni baba wa miaka 54, mfanyabiashara wa nafaka hapa Kibaigwa. Nakuandikia usiku, mama watoto amelala.

Ilianza mwezi wa tano. Tonge la ugali likawa linasimama hapa kifuani mpaka nilisukume na maji. Nikadhani nakula haraka. Kufika mwezi wa saba nikawa nadai mlenda kila siku, maana ugali ukiuchovya kwenye mlenda unateleza. Nyama niliacha mwenyewe, hakuna aliyeniambia. Kwenye zahanati nilipewa dawa za vidonda vya tumbo, nikazimaliza, nikaongezewa, nikazimaliza tena. Sasa ni uji tu, na uji wenyewe ukiwa mzito unarudi. Juzi tukipima mzigo wa mtu, nilisubiri vijana wageuke nikapanda kwenye mizani ya magunia. Kilo 61. Mwaka jana nilikuwa 78.

Mwezi uliopita kijana wangu mkubwa alinipeleka Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma. Wakapitisha mpira wenye kamera mdomoni, wakachukua kinyama, na majibu yalipotoka wakaniita. Daktari akasema ni saratani ya koo la chakula, iko sehemu ya katikati. CT-Scan imeonyesha tezi za jirani zimevimba, ila ini na mapafu hayana kitu. Ameniandikia rufaa ya Ocean Road, ile hospitali ya saratani Dar es Salaam, akataja mionzi na kemo, yaani dawa kali za saratani, kwa pamoja, na upasuaji "tutaona baadaye". Mengine aliyosema sikuyasikia. Nilikuwa naangalia mdomo wake tu.

Sasa kila ndugu ana hospitali yake. Kijana mkubwa anataka niuze ekari zangu nane nikapasuliwe haraka, ikibidi India. Wa pili amesikia kuna bomba linawekwa kooni na unakula siku hiyo hiyo. Kaka yangu anasema huu ni mkono wa mtu kwa sababu ya ile kesi ya mpaka wa shamba, ameniletea unga wa kuchanganya na maji ya moto. Dada mmoja wa kanisani ananiambia nilikosea kukubali kukatwa kinyama, eti saratani ikiguswa na chuma inasambaa.

Mke wangu anajua ni vidonda vya tumbo. Sijamwambia. Sijui naanzaje.

Nifuate lipi, Shangazi? Je, nimejiletea mwenyewe? Sigara nimevuta tangu ujana na chai yangu lazima itoke jikoni ikichemka. Na jambo la mwisho: mvua ziko karibu. Nikodi trekta au mwaka huu niache?

Baba wa Kibaigwa

*

Marahaba, baba. Mbukwa.

Nilipofika kwenye mizani ya magunia niliiweka barua yako chini kwanza. Kaka yangu alipata ugonjwa huu huu, nikamuuguza hapa kwangu Dodoma mpaka mwisho wake. Naye alianza na maji ya kusukumia tonge. Naye alipewa dawa za vidonda. Nakujibu kama dada wa mgonjwa kwanza, na hayo ya tiba nitakayoandika ni ya kwenda nayo kwa daktari wako, maana yeye ndiye aliyeona picha zako.

Nikuambie tulipokosea sisi. Siku tulipopata majibu, swali letu la kwanza lilikuwa hilo hilo la wanao: twende hospitali gani? Tukauza ng'ombe wanne kwa bei ya kutupa, tukazunguka wiki sita, na katika mzunguko wote ule hakuna hata mmoja wetu aliyemuuliza daktari swali moja: tiba hii mnampa ili apone, au mnampa ili ameze na maumivu yapungue? Tulipokuja kuuliza, wiki sita zilikuwa zimekwenda na ng'ombe wamekwenda.

Kila kitu kinatoka kwenye jibu la swali hilo. Kama lengo ni kuponya, tiba ni ndefu na nzito, na mateso ya njiani yana sababu ya kuvumiliwa. Kama lengo ni nafuu, kuna mionzi ya siku chache, kuna bomba, kuna dawa za maumivu, na hakuna haja ya kumtesa mtu wiki sita mbali na nyumbani. Bila jibu hilo, ndugu watagombana mpaka asubuhi na kila mmoja ataonekana ana haki.

Kwa ulivyoniandikia, ini na mapafu safi, tezi za jirani tu, na daktari anataja mionzi na kemo pamoja, inaelekea anawaza kuponya. Sikuahidi kwamba utapona. Ugonjwa huu ni mkali na mara nyingi hukutwa umeshaenda mbali. Lakini wewe bado una nafasi ambayo wengi hawana, na nafasi hiyo haingoji. Mwulize daktari kwa maneno haya haya, usione haya: "Daktari, mnalenga kuniponya au kunipunguzia?" Kisha nyamaza umsikilize. Uwe na mtu anayeandika, kwa sababu mwenyewe umesema siku ile ulikuwa unaangalia mdomo tu. Ndivyo tulivyo sote siku hiyo.

Sasa wanao. Kijana mkubwa ana mapenzi ila ana pupa. Kwa ugonjwa ulioshafika kwenye tezi, kukimbilia kisu moja kwa moja si ndiyo njia bora. Utafiti mkubwa wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 2012 ulionyesha kwamba waliopewa kemo na mionzi kwanza, kisha wakapasuliwa, waliishi muda mrefu zaidi kuliko waliopasuliwa tu. Na iko hivi: kwenye karatasi ya maabara kuna jina la aina ya saratani. Huku kwetu Afrika Mashariki iliyo nyingi ni ile inayoanzia kwenye ngozi laini ya ndani ya koo, wataalamu wanaiita skwamasi. Aina hiyo huitikia mionzi vizuri, kiasi kwamba kwa wagonjwa wengine kemo na mionzi pekee ndiyo tiba kamili na kisu hakiguswi. Ndiyo maana uliambiwa "tutaona baadaye". Daktari hakuwa anakukwepa.

Na upasuaji wenyewe kijana aujue ulivyo. Wanafungua tumbo na mara nyingi kifua pia, wanatoa koo lenye ugonjwa, wanalivuta tumbo la chakula juu kuwa koo jipya. Mtu mwenye kilo 61 akitoka 78 amepoteza zaidi ya moja ya tano ya mwili wake. Mwili wa namna hiyo ukipasuliwa leo unaweza kushindwa kupona kidonda. Ekari zako zibaki kwanza. Zikija kuhitajika zitakuwepo pale pale.

Bomba la kijana wa pili ni kitu cha kweli. Ni wavu wa chuma unaofunguka ndani ya koo, na kwa mtu ambaye lengo ni kumeza tu, ni msaada mkubwa. Kaka yangu aliwekewa. Jioni ile alikunywa supu kikombe kizima, akaomba kingine, na mimi nikatoka nje kulia kwa furaha. Lakini kwa anayetafuta kupona, madaktari wengi husita kuliweka mapema: linaweza kuhama uvimbe ukipungua, linaleta maumivu kifuani wakati wa mionzi, na linaweza kumsumbua daktari wa upasuaji baadaye. Koo likiziba kabisa kabla ya tiba kuanza, kuna njia ya mpira wa kulishia unaopitishwa puani au tumboni. Hapo uwe macho kwa jambo moja. Kabla hawajakuwekea mpira wa tumboni, waulize kama daktari wa upasuaji ameshirikishwa, kwa kuwa tumbo hilo ndilo atakalolihitaji kutengeneza koo jipya.

Dada wa kanisani umshukuru kwa maombi, ila hapo kwenye kinyama amepotoka. Kukatwa kinyama hakusambazi ugonjwa huu, na bila hicho hakuna anayejua akupe dawa gani.

Kaka yako ndiye aliyenipa kazi. Namwelewa, maana nilipoona kaka yangu anakauka nami nilitafuta wa kumlaumu. Lakini ugonjwa huu una ukanda wake unaojulikana, kuanzia Ethiopia kuteremka mashariki mwa Afrika hadi Afrika Kusini, na unapata watu wenye kesi za mipaka na wasio na shamba hata robo ekari. Ule unga usiunywe. Hatujui una nini, na dawa za kemo zinapita kwenye ini na figo zile zile ambazo unga huo utapita. Kama umeshaunywa, mwambie daktari bila kuficha, hatakufukuza. Na kaka usigombane naye, mpe kazi. Mwombe akusindikize Dar wiki ya kwanza. Akikaa kwenye benchi la Ocean Road akaona watu wa kila mkoa, wa kila dini, wanameza kwa shida kama wewe, hutahitaji kumhubiria.

Umeuliza kama umejiletea. Sigara huchangia, pombe huchangia, na vinywaji vya moto kupita nyuzi joto 65 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa liliviweka mwaka 2016 kwenye orodha ya vinavyoelekea kusababisha ugonjwa huu. Sitakuficha. Lakini wapo waliovuta miaka 40 hawakuumwa, na wapo wamama wa huku ambao hawajawahi kushika sigara na wameumwa. Sigara uizime leo kwa sababu ya kesho, maana mionzi hufanya kazi vibaya kwa anayeendelea kuvuta na vidonda vyake huchelewa kupona. Chai iache ipoe. Kujihukumu kusikuchukulie hata asubuhi moja, unazihitaji.

Tuje kwenye chakula, na hapa nataka unisikilize kuliko kote, kwa sababu rufaa ina tarehe yake ila njaa haina. Uzito ndio unaoamua kama utaweza kuimaliza tiba. Mgonjwa akidhoofika sana, kemo husimamishwa. Kazi yako mpaka siku ya Dar ni kuzuia mizani isishuke zaidi.

Uji wa maji na sukari haulishi. Nilivyokuwa nafanya mimi ni hivi: unga wa uwele uliokobolewa, maziwa badala ya maji, karanga zilizomenywa zikasagwa mara mbili mpaka zikawa laini kama krimu. Uji ukichemka, napiga yai moja kwenye bakuli nalimimina polepole huku nakoroga, linayeyuka halionekani. Nikiipua naweka kijiko kikubwa cha mafuta ya alizeti. Kijiko hicho kimoja kina kama kilokalori 120, na kinapita kooni bila kugoma. Kisha nachuja na chujio la chai. Kile chujio ndicho kilichotuokoa, maana punje moja tu ya karanga ikikwama, mgonjwa anaogopa kula siku nzima. Kaka yangu alikuwa na kikombe cha bati cha kijani, nilikipiga mstari kwa msumari katikati. Alikunywa mpaka kwenye mstari kila baada ya saa mbili, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi. Hakuwahi kuletewa bakuli. Bakuli likijaa linamkatisha mtu tamaa kabla hajaanza. Nawe uanze kidogo hivyo hivyo uongeze siku hadi siku, tumbo lililokaa na njaa halipendi kushtukizwa.

Mtindi unapita. Parachichi lililopondwa na maziwa linapita. Supu ya kuku, nyama yake isagwe kwenye blenda ichujwe. Mlenda uendelee nao, ila bila pilipili na magadi yapungue. Limau, nanasi na hata juisi ya zabibu zetu vitakuunguza, viache. Kula umekaa wima, usilale mpaka ipite kama saa moja, na usiku uinue kichwa kwa mito miwili. Kila Jumamosi panda kwenye mizani, na safari hii vijana wakikuona waone. Andika. Ile namba ya 78 na ya 61 umpe daktari kabla hajauliza, na umwombe akukutanishe na mtu wa lishe.

Usingoje tarehe ya rufaa ukiona mate yako mwenyewe hayashuki, ukitapika damu au choo kikawa cheusi kama lami, au kila ukinywa maji unapaliwa na kukohoa kama yameingia kwenye njia ya hewa. Hayo ni ya kurudi hospitali siku hiyo hiyo.

Ukifika Dar, tegemea wiki tano au sita. Mionzi ni Jumatatu hadi Ijumaa, dakika chache kitandani, na kitandani pale husikii maumivu. Kemo mara nyingi huenda mara moja kwa wiki, baada ya kupimwa damu na figo. Wiki ya pili au ya tatu koo litauma kuliko linavyouma leo. Wengi hukimbia hapo, wakidhani yale maneno ya mtaani kwamba mionzi "inaunguza tu" ni kweli. Ni koo limechubuka ndani, na hupungua wiki chache baada ya kumaliza. Omba dawa ya maumivu kabla ya kula, na siku za mionzi zisirukwe, kwani kukatiza kunaupa uvimbe nafasi ya kuota tena. Ukipata homa ukiwa kwenye kemo, hata saa nane usiku, nenda. Usimeze panadoli ukalala.

Waulize pia kuhusu tiba shufaa tangu siku ya kwanza. Watu huogopa neno hilo, hudhani ni la anayekufa. Ni watu wa kushughulika na maumivu, usingizi, kukosa choo, hofu. Mofini ya maji, dawa kali ya maumivu, ikitolewa na wao kwa kipimo, ipokee. Sisi tulimcheleweshea kaka mwezi mzima kwa kuogopa jina lake, na mwezi ule hauwezi kurudi.

Safari na pesa kwa kifupi. Basi la moja kwa moja linapita hapo kwako barabarani, lakini kwa hali yako ningerudi Dodoma nipande treni ya SGR. Kuna choo, haiyumbi, na ni saa tatu na nusu hivi. Kabla ya kuuza chochote, nenda na kijana kwenye dirisha la bima uulize kadi yako inafika wapi, na kama haifiki, ulizia ofisi ya ustawi wa jamii hapo hospitali. Wao ndio wanaoshughulika na wasiomudu, na barua ya serikali ya mtaa au kijiji husaidia. Kwa kuanzia uza magunia. Shamba ni la mwisho.

Sasa mkeo.

Baba, yeye ndiye anayepika huo uji. Ameona ugali ukiwa mlaini, kisha mlenda kila siku, kisha uji, kisha uji mwepesi. Ameona mkanda wako unavyotoboliwa matundu mapya. Vidonda vya tumbo anavijua, hapo Kibaigwa nani havijui, na anajua haviendi hivyo. Kuna uwezekano mkubwa kwamba usiku unaoandika barua huku "amelala", hajalala. Anakungoja useme.

Mwambie kabla ya Jumapili. Usimwite mkutano, usiwaite wazee. Akiwa anachuja uji au mnapolala, mwambie tu: "Mama watoto, siyo vidonda. Ni saratani, iko hapa, na nimepewa rufaa. Nilishindwa kukuambia." Atalia, atakasirika, atauliza mwanao alijuaje kabla yake. Ana haki. Usijitetee sana. Kisha umwombe aingie nawe kwa daktari, akae kiti cha pili, yeye ndiye aandike majibu ya lile swali. Wanawake tunaouguza tunakumbuka kila neno la chumba kile. Na wanao wakisikia jibu kutoka kwa mama yao, hizo hospitali nne zitabaki moja.

Kuhusu trekta, kodi. Kijana wa pili asimamie, na kwa mvua zetu za Dodoma ningempa sehemu kubwa ya shamba iwe mtama na alizeti, mahindi kidogo. Utakuwa Dar zikianza kunyesha. Jioni ukitoka kwenye mionzi utampigia, na kama koo linauma mpe mkeo simu aongee, wewe usikilize zimenyesha mpaka wapi.

Shangazi